Gitaa Lililopimwa kwa Sauti ya Mama

Gitaa lile nililetewa ndani ya kiroba cha mbegu za pamba, na shingo yake ilikuwa unga. Sitanii. Mwalimu wa kwaya alikishika kiroba kwa chini, mimi nikavuta mwili wa gitaa juu, na pale ambapo shingo ilitakiwa iwepo likamwagika vumbi la kahawia, pamoja na funguo za kukazia nyuzi, zenyewe zikiwa nzima kabisa. Mchwa walikuwa wameanzia kichwani wakala mpaka kwenye maungio, wakaacha mwili kwa sababu ya rangi yake nene.

"Mchwa wa ushirika wana adabu," nikamwambia mwalimu. "Wamebakiza."

Hakucheka. Mwalimu yule alikuwa anafundisha shule ya msingi, mtu mpole, shati limenyooka siku zote. Aliniuliza tu, "Fundi, utaweza?"

Gitaa lilikuwa la bendi ya ushirika wa pamba, iliyokuwa ikitupigia muziki msimu wa mauzo. Halafu wakaruhusiwa wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, kila kitu ruksa, na ushirika ukaanza kufa taratibu. Bendi ndiyo iliyotangulia. Vyombo vikafungiwa stoo ya jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, gitaa likasimamishwa kona, kichwa chini kwenye sakafu ya udongo, likasahaulika. Baada ya bendi tukafuata sisi wafanyakazi. Mimi nilikuwa seremala wa pale jineri, natengeneza milango, meza na mabodi ya malori. Tukaambiwa tunapunguzwa, kana kwamba sisi ni nywele. Nikajenga kibanda cha bati karibu na mnada wa ng'ombe hapa Bariadi, nikawa natengeneza vitanda na majeneza. Kitanda mtu anaweza kuahirisha. Jeneza haliahirishwi, basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kubwa, na kwa kweli ilinichosha roho.

Siku hizo nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Bado niko hivyo. Mke wangu husema nilizaliwa na msumari mdomoni. Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza kama nitaweza, nilitaka kumjibu vibaya, nimwambie arudi kwa mchwa wake. Lakini akaongeza neno moja. Akasema kwaya imepata nafasi ya kwenda Mwanza kurekodi kanda, msimu wa pamba ukiisha, na bila gitaa la solo kanda haina ladha.

Nikakichukua kiroba.

Niseme wazi kwa nini, ili nisionekane mtu wa dini kuliko nilivyo. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ile. Tangu nina akili, kanisa letu likisimama kuimba, sauti inayotoka kwanza ni ya mama, nyembamba, kavu kidogo, imenyooka, halafu wengine wanaingia. Na baba yangu alikuwa amefariki zamani, wakati mimi niko mbali najifunza ufundi. Baba namkumbuka uso, namkumbuka mikono, namkumbuka hata harufu ya tumbaku yake. Sauti yake siikumbuki. Nimejaribu, jamani. Nimekaa kimya nikasema, haya, baba aniite. Naona midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Nani angejisumbua kurekodi sauti ya mchunga ng'ombe? Basi mwalimu aliposema kanda, mimi nilisikia mama tu. Nilitaka sauti yake ikae mahali ambapo kifo hakiwezi kuifuata.

Na haraka ilikuwepo. Kifua kilikuwa kinambana. Hospitali ya wilaya walimwambia moyo umetanuka. Yeye akarudi nyumbani akitamba kwamba hata daktari amekiri ana moyo mkubwa. Alikuwa mtu wa utani hivyo. Lakini mimi nilikuwa namsikiliza kanisani. Zamani alimaliza ubeti kwa pumzi moja. Sasa alikuwa anaiba pumzi katikati, kwa ujanja, wakati wengine wanavuta neno refu.

Kazi ikaanza na shida ya mti. Huku kwetu watu walifyeka zamani wakapanda pamba, na wengi wanapikia mabua na mavi ya ng'ombe. Mbao niliyokuwa nayo kibandani ilikuwa mbichi, ya majeneza, na shingo ya gitaa haitaki mti mbichi, maana ukikauka unajikunja. Nilikuwa nimekaa kwa mama nikilalamika hivyo, yeye akanyoosha kidole ukutani. Nira ya baba ilikuwa bado imeegemea pale, nje ya boma ambalo ng'ombe wake walikwisha mwaka wa ukame.

"Hiyo ni ya baba," nikasema.

"Ng'ombe wenyewe wamekwenda," akasema mama. "Nira inangoja nini?"

Nilipoipasua kwa msumeno ilitoa harufu ya ng'ombe. Miaka yote ile ya jasho la shingo za maksai ilikuwa bado imo ndani. Mti ulikuwa mkavu, mgumu, mishipa yake imenyooka, fundi yeyote angeushukuru. Nikachimba mfereji katikati nikalaza humo kipande cha nondo nilichokifua mpaka kikawa bapa, kwa sababu nyuzi zinavuta na shingo isiyo na chuma ndani hupinda. Juu nikafunika kwa ubao mwembamba. Nyuma nikaiviringisha kwa patasi, kisha nikaiparuza kwa kipande cha chupa iliyovunjika mpaka ikateleza mkononi. Zile funguo nikazisafisha kwa mafuta ya taa. Nyuzi nyembamba nikazifumua kwenye waya wa breki za baiskeli, nene nikazipata kwa wauza redio.

Zilibaki freti, yaani vile vyuma vya kulalia vinavyokatiza shingo, ambapo ukikandamiza uzi unapata sauti yake. Chuma hakikuwa tatizo. Spoku za baiskeli zipo, unakata, unagonga kwenye mchirizi wa msumeno, unalainisha kwa tupa. Tatizo lilikuwa mahali. Freti hazipangwi sawasawa kama ngazi. Zinabanana kadiri unavyosogea kuelekea mwilini, na ukikosea upana wa kucha, gitaa linalia vibaya milele. Shingo ya zamani ningeipima, lakini shingo ya zamani ilikuwa imo matumboni mwa mchwa. Mimi mwenyewe nilijifunza machungani, kwa gitaa la galoni lisilo na freti hata moja, kidole kinatafuta sauti chenyewe.

Gitaa zima nililolijua mjini lilikuwa moja, nalo lilikuwa baa.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye heshima zake, nikaomba ruhusa niingie baa mchana, na rula, nipime, nitoke. "Utaingia na rula," akasema. "Ukitoka, watu watasema umetoka na nini?" Na hakuwa anatania. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa ametengwa majuzi tu, kosa lake alijikinga mvua kwenye baraza la baa ileile. Nikamwambia mzee kwamba Mungu anajua niko pale kwa ajili ya rula. Akasema Mungu anajua, ila waumini hawajui. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniacha nibwabwaje mpaka nikaishiwa.

"Kwani unatafuta nini kwenye hilo gitaa la walevi?"

"Natafuta mahali sauti zinapokaa, mama."

"Zinakaa hapa," akasema, akajigusa koo. "Lete huo mti wako."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na mpaka leo mafundi wenzangu nikiwahadithia wanashika vichwa. Nilifunga uzi mmoja tu. Mama akakaa kwenye kigoda uani, miguu ameinyoosha, mimi nikapiga magoti mbele yake na shingo ile mapajani. Napiga uzi mtupu. Hiyo ikawa do. Mama anaimba inayofuata, anaishikilia, mimi nasogeza kichwa cha msumari juu ya uzi, polepole, mpaka uzi na mama wanakuwa kitu kimoja. Unasikia kabisa. Kuna mtetemo unakuwepo, halafu ghafla unatulia. Hapo naweka alama ya penseli. Mama alijua do-re-mi ya wamisionari toka utotoni, lakini aliipanda kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyopanda nyimbo za kulima na za kutwanga alizozikuta kwa bibi yake. Zile freti za katikati ambazo do-re-mi haizitaji, nilizikadiria kwa jicho.

"Umelala, baba?" ananiambia nikichelewa. Aliniita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Pumzi yangu si ya kuchezea."

Na nilimjaribu. Nilimwambia aimbe tena baada ya kula. Nikarudi kesho yake asubuhi kabla hajanywa hata uji, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaniitikia, nikamwambia aimbe mi. Penseli haikusogea. Sauti yake ilikaa palepale ilipokaa jana. Nilifurahi siku ile, acha tu. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kazi kiasi kile, kabla au baada.

Jumapili ya kwanza tuliunganisha gitaa na amplifaya ya betri ya gari. Mama akaanzisha, mimi nikamfuata kwa uzi mwembamba, hatua kwa hatua, nyuma yake kidogo kama mtu anayembebea mzigo mama yake njiani. Kanisa likanyamaza. Kisha akina mama wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akaketi kungoja. Tukaalikwa Sapiwi, tukaalikwa Zagayu. Huko Zagayu mzee mmoja alinishika mkono baada ya ibada akasema gitaa langu linaongea Kisukuma. Niliona sifa. Wala sikujiuliza maana yake nini.

Ndipo kikaja kinanda.

Alikileta wakala wa pamba, muumini mwenzetu, aliyekuwa karani wa mizani wa ushirika kabla hajahamia kwa mnunuzi binafsi na kunenepa. Simsemi vibaya, alitoa kwa moyo. Kinanda cha umeme, kimetoka Dar, kina vidude vyeusi na vyeupe na sauti za filimbi na ngoma humohumo. Akaleta na jenereta. Akasema pia lori lake litatupeleka Mwanza, likiwa linapeleka marobota. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Kanisa zima likasimama likampigia makofi, nami nikapiga.

Mazoezi ya kwanza na kinanda kile, kila mtu aliinua uso. Kulikuwa na kitu kinakwaruza. Mwalimu akasimamisha wimbo. "Fundi, kaza nyuzi." Nikakaza. Tukaanza, ikakwaruza tena. Nikalegeza, nikakaza, jasho likanitoka. Mwalimu akasema tupige sauti mojamoja. Do ikakubali. Re ikakubali, kwa shida. Tukafika mi.

Alibonyeza kidude chake, mimi nikapiga freti yangu. Loo! Zilikuwa kama watu wawili wanaobishana mlangoni. Akabonyeza kile cheusi cha chini yake. Hapana, hicho nacho kilikuwa chini mno. Freti yangu ilikuwa katikati.

"Umepima kwa kitu gani?" mwalimu akaniuliza.

Mama akajibu. "Kwangu," akasema, kwa fahari kabisa.

Mwalimu akamwomba aimbe mi. Alimwomba kwa adabu, sijasema vinginevyo. Mama akaimba, sauti ileile ya uani, na mwalimu akabonyeza cheupe, akabonyeza cheusi, akabonyeza cheupe. Mama alikuwa kati ya kidude na kidude, mahali pasipokuwa na kidude. Vijana wawili nyuma wakachekea viganjani.

"Basi hicho kimepungukiwa," mama akasema.

Hapo wakacheka wote, walidhani ni utani wake wa kawaida. Mimi niliyekuwa karibu niliuona uso wake. Hakuwa anatania. Alikuwa anawaza miaka yote ile aliyoongoza watu wazima na watoto wao, na sasa sanduku limesema alikuwa amekosea.

Mwalimu alikuja nyumbani kwa mama siku chache baadaye. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwalimu. Mhola?" "Mhola duhu." Akapewa kiti, akapewa maziwa mgando, akayazungusha kikombeni bila kunywa. Kisha akasema kilichomleta. Kinanda ndicho kitakachoshika nyimbo zote kwenye kanda. Kinanda hakiwezi kusogea.

"Na mimi umri huu nisogee wapi?" mama akamuuliza.

Mwalimu akatazama chini. Akasema yule binti wa sauti ya kwanza, aliyemaliza shule mwaka ule, ataanzisha yeye, na mama atakaa safu ya nyuma, aimbe taratibu. Na kwangu akasema, fundi, freti zisogezwe.

Nilisimama. Nilisema maneno ambayo mengine sitayaandika. Nilisema, chukueni kinanda chenu kikaimbe chenyewe, kikapande na lori, kikaokoke. Nilisema shingo ile nimeichonga kwa nira ya marehemu baba na nitaing'oa sasa hivi nikachochee moto.

"Kaa chini, baba," mama akasema. "Unamfokea mgeni kwangu?"

Nikakaa. Na nikiwa nimekaa, nikaomba. Ndiyo, mimi, niliomba. Wimbo mmoja tu. Nyimbo zote wapige na kinanda, wimbo mmoja waniachie mimi na mama, gitaa na sauti, basi. Nikataja wimbo wenyewe, wa kushukuru mvua, ambao mama aliutunga mwenyewe kwa Kisukuma. Mwalimu akapumua. Akasema sawa, tena naona alifurahi kupata kitu cha kutupatia.

Kesho yake alinifuata kibandani, faragha, akaniomba tena nisogeze freti ili nipige na zile nyimbo nyingine. Nikakataa katakata. Zile freti zilikuwa ni mama. Nizisogeze ziende wapi? Nikamwambia nitakaa kimya nyimbo zote, na ukifika ule mmoja nitapiga. Mama sikumwambia habari hiyo. Niliona haimhusu, na nilikuwa nimechoka kuona watu wakimjadili.

Wiki zile hatukufanya mazoezi, mimi na yeye. Kila nikimwambia, anasema kifua kipumzike, wimbo wenyewe ameujua kabla hajanifundisha kutembea, tutaimba hukohuko. Alasiri alikuwa akienda kanisani kufagia. Nilishukuru kwamba bado anapenda kwenda, baada ya yale.

Tukaenda. Mama kiti cha mbele kwa dereva, sisi juu ya marobota, vumbi mpaka Lamadi hatuonani. Shingo niliifunga kwa kitenge cha mke wangu, nikaikumbatia njia nzima, kwa kuogopa jua na mitikisiko. Mwanza tulipelekwa kwenye nyumba ambayo chumba chake kimoja kimewambwa magunia na magodoro kuta zote, na nyuma ya kioo amekaa fundi mitambo, kijana mwenye haraka. Waliimba nyimbo zote. Binti yule aliimba vizuri, nisipomsifu nitakuwa mwongo. Mama alikaa pembeni, mikono mapajani, anasikiliza, midomo ikicheza kidogo. Kwaya nyingine ilishafika, inangoja zamu nje barazani.

Kisha ikawa zamu yetu.

Nilipiga utangulizi. Gitaa lilikuwa zuri, nasema kwa kinywa changu, lilikuwa zuri. Mama akaingia, na sauti yake haikuwa pale.

Nilidhani shingo imepinda. Nilisimamisha, nikaielekeza kwenye taa, nikaitazama kwa jicho moja kama unavyotazama ubao; imenyooka. Nikajaribu nyuzi, ziko sawa. Tukaanza tena. Ilipofika ile mi, sauti ya mama ilipanda juu ya gitaa langu, kidogo tu, ikakwaruza kama siku ile ya kinanda. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza goti, kimoja kimoja. Alikuwa anabonyeza vidude.

"Gitaa na mama hawasikilizani," sauti ya fundi mitambo ikatoka kwenye spika.

"Mama," nikasema, "imba kama nyumbani."

Akafumbua macho. "Ndivyo ninavyoimba sasa."

Tulianza tena, akajaribu kunifuata. Nilimsikia anaitafuta njia yake ya zamani, anashuka, anapita, anapanda, anapotea. Mtu ambaye sauti yake haikuwahi kusogeza penseli! Akaanza kukohoa. Mwalimu, Mungu ambariki, akakimbilia kinanda akasema, mama, pumzika, nitakupigia mimi, tuimbe na hiki. Lakini kifua kilishafunga. Alifika nusu ya ubeti akakaa chini, mkono kifuani, akawa anatuomba radhi, kila mtu, hata fundi mitambo nyuma ya kioo. Kwaya ya nje ikagonga mlango.

Tulikuwa tumekaa kando ya lori tukingoja wamalize kushusha marobota, ndipo binti yule akaja akapiga magoti mbele yangu akilia. Akasema yeye ndiye aliyemfundisha. Kila alasiri, kanisani, mama akimaliza kufagia wanafungua kinanda, anambonyezea, mama anaimba, mpaka akaipata.

Nikamgeukia mama. "Kwa nini?"

"Mwalimu si alikwambia uzisogeze?" akasema. Alikuwa anavuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Nikajua utazisogeza. Nikasema nisije nikamwacha mwanangu peke yake. Wakisema kizee kimekosea, sawa, nimeshazoea. Lakini waseme kazi ya mikono yako mbovu?" Akanitazama kwa hasira, hasira ileile niliyoirithi. "Fundi gani anaacha kazi yake ichekwe kwa ajili ya mama yake? Nilidhani una akili."

Nilitaka kucheka, nikalia. Pale stendi ya malori, mtu mzima, mbele ya wapagazi. Mama akanipigapiga mgongo kama anamcheulisha mtoto.

Nilirudi mbio kwa fundi mitambo nikamwomba kile kipande kilichoharibika. Kikohozi na vyote, nilitaka hivyohivyo. Akaniambia ameshairudisha kanda nyuma mpaka pale wimbo wetu ulipoanzia, hao wengine wameimba juu yake.

Kanda ya kwaya ilitoka, ikapendwa. Ililia kwenye vibanda vya stendi, mnadani, kwenye baiskeli zilizofungwa redio. Mama aliisikia pia, akasema binti anaimba vizuri, ila anavuta pumzi mahali pabaya. Alifariki kabla pamba iliyofuata haijapasuka. Jeneza nilitengeneza mwenyewe, na siku ile sikukubali mtu anishikie hata tepu.

Baada ya matanga niliichongea kwaya shingo mpya. Mwalimu alibonyeza vidude, mimi nikaweka alama, ikawa kazi ya mchana mmoja, gitaa likakubaliana na kinanda bila neno. Ile ya nira niliing'oa nikaitundika kibandani. Tangu hapo nimechonga shingo nyingi, za makanisa ya Maswa mpaka Meatu. Mkoa wetu ukapata jina lake, Simiyu, umeme wa gridi ukaja, vinanda vikajaa kila kanisa, na muziki sasa watu wanatembea nao mfukoni. Mchana kutwa naupima, naukaza, naurekebisha.

Juzi nilikuwa napanga vitu kibandani, nikaishusha ile shingo. Mafuta ya mkono wangu yalikuwa bado yako nyuma yake. Nikaifunga kwenye ubao, nikaiwekea uzi mmoja tu kama siku ile uani, na nikafunga mlango, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumsikia mama na sikutaka mteja aniingilie. Nikapiga uzi mtupu. Nikapiga re. Nikaweka kidole kwenye mi, alama yangu ya penseli ikiwa bado inaonekana pembeni ya chuma, nikapiga.

Imekosea. Ndilo neno la kwanza lililonijia kichwani, kabla sijamkumbuka yeye. Nikapiga tena, nikisema moyoni huyu ni mama, mpumbavu wewe, huyu ni mama, msikilize. Na kidole changu, bila kuambiwa na mtu, kikausukuma uzi pembeni ili kumsahihisha.